Saa 25 Kuala Lumpur, tiketi mbili na begi moja

*"Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Dar es Salaam. Mwezi wa Novemba nitasafiri peke yangu kwenda Yogyakarta, Indonesia. Viza ya huko ninayo tayari. Nimenunua tiketi mbili mbalimbali ili kupunguza gharama. Ya kwanza, kupitia Doha, inanifikisha Kuala Lumpur Alhamisi saa 9:00 alasiri. Ya pili ni ya AirAsia, inaondoka Ijumaa saa 10:20 jioni. Nina begi la mgongoni la kilo 12 na nimetenga dola 60 kwa muda huo. Rafiki yangu anasema kwa kuwa napita tu, sina haja ya kujaza fomu yoyote na begi litahamishwa lenyewe. Mwingine anasema nisitoke uwanjani kabisa kwa sababu mji uko mbali na Waafrika wanasumbuliwa. Natamani kuona minara ya Petronas, mapango ya Batu, Mtaa wa Wachina, Little India na msikiti. Mimi ni Mwislamu, nitakula nini? Na je, yote haya yanawezekana?"*

Yanawezekana mengi, si yote. Lakini dada yangu, maswali yako mengi yanahusu mji, na mimi naona mtego wako uko uwanjani. Mji wenyewe ni mwepesi: treni zinafika kila mahali ulipopataja isipokuwa Little India, na huko utakwenda kwa miguu. Kitu kinachoweza kukuharibia safari ni kiungo kati ya tiketi ya kwanza na ya pili, kwa hiyo tuanze hapo.

Tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali ni mikataba miwili isiyojuana. Kampuni ya kwanza imekuahidi kukufikisha Kuala Lumpur, ikaishia hapo. Karatasi watakayoibandika kwenye begi lako pale Dar itaandikwa KUL, na begi litakusubiri kwenye mkanda wa mizigo wa Terminal 1, ambako hutua ndege za kutoka Doha. AirAsia inaondokea Terminal 2. Hakuna njia ya ndani inayomvusha abiria kutoka jengo moja hadi jingine bila kupita uhamiaji. Kwa hiyo lazima ugongewe muhuri wa kuingia Malaysia, uchukue begi, upite forodha, kisha uhamie jengo la pili kama abiria anayeanza safari upya. Rafiki yako hakudanganya, ila maneno yake yanamhusu mwenye tiketi moja iliyounganishwa. Wewe kisheria ni mgeni anayeingia nchini, hata kama ungelala kwenye kiti cha uwanja.

Na kwa kuwa unaingia, fomu inakuhusu. Tangu Januari 1, 2024, wageni wengi wanatakiwa kujaza kadi ya kidijitali ya kuwasili, inayojulikana kwa kifupi MDAC, kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji ya Malaysia. Hujazwa ndani ya siku 3 kabla ya kufika, na ni bure. Ukiona tovuti inakudai dola 30 au 50 kwa fomu hiyo, funga ukurasa. Hao ni madalali. Hakikisha namba ya pasipoti na tarehe ya kuzaliwa zinafanana herufi kwa herufi na pasipoti, na barua pepe ya uthibitisho uipige picha ya skrini, maana intaneti ya uwanjani huwa haipatikani pale pale unapoihitaji.

Kuhusu viza, Mtanzania haombi viza kwa ziara fupi ya Malaysia, na Mkenya vilevile. Wasomaji wenye pasi za Kongo, Burundi au Rwanda wasijipime kwa kipimo hiki. Wao huomba kabla ya kusafiri. Pasipoti yako iwe na uhai wa miezi 6 au zaidi. Kutohitaji viza, hata hivyo, si hakikisho la kuingia. Afisa anaweza kukuuliza unalala wapi, unaondoka lini na una fedha kiasi gani, na asiporidhika anaweza kukurudisha ulikotoka. Mwenye tiketi ya kwenda tu, bila ya kurudi, ndiye huulizwa zaidi. Chapisha kwenye karatasi vitu vitatu: tiketi ya AirAsia ya kesho yake, uthibitisho wa malazi ya usiku huo, na viza ya Indonesia. Beba pia tiketi ya kurudi nyumbani kutoka Indonesia. Jibu kwa sentensi fupi: "Ninalala usiku mmoja, kesho jioni nakwenda Yogyakarta, hii hapa tiketi." Usimweleze historia ya maisha yako.

Halafu kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Malaysia huidai kwa wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na pia kwa waliokaa zaidi ya saa 12 katika kiwanja cha nchi kama hizo. Kenya, Uganda, Kongo na Ethiopia zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani. Wewe unapita Doha, lakini tiketi za Afrika Mashariki hubadilishwa njia ghafla. Ndege ikiahirishwa ukajikuta umelala Nairobi au Addis Ababa, kadi hiyo ndiyo itakayokuokoa. Chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, na tangu 2016 cheti hakiishi muda. Kama hujachanja, usiiache hadi wiki ya mwisho.

Sasa hili la Waafrika kusumbuliwa. Halijatungwa. Idara ya Uhamiaji hufanya misako ya wahamiaji wasio na vibali, na kijana Mwafrika katika baadhi ya mitaa anaweza kusimamishwa kuliko mtalii wa Kizungu aliye hatua mbili mbele yake. Ni jambo la kuudhi. Kwa mtu mwenye muhuri wa jana na tiketi ya leo, hata hivyo, kwa kawaida huisha kwa dakika chache, almradi pasipoti halisi iko mwilini. Picha ya simu au kivuli cha karatasi si mbadala wa kutegemea. Ivae kwenye mkoba wa ndani ya nguo, usiiache hosteli. Hii si sababu ya kukufungia uwanjani kwa saa 25.

Kuna jambo moja ambalo hukuuliza na sitalipita. Usibebe kifurushi cha mtu. Si cha jirani, si cha mchumba uliyemfahamu mtandaoni, si cha "shangazi yangu yuko Kuala Lumpur, atakupokea". Sheria ya dawa za kulevya ya Malaysia ya 1952 bado ina adhabu ya kifo. Mwaka 2023 walichoondoa ni ulazima wa jaji kuitoa, si adhabu yenyewe. Anayekutwa na mzigo hudhaniwa kuwa anajua kilichomo, na kazi ya kuthibitisha vinginevyo humwangukia yeye. Miraa nayo iache nyumbani. Dawa zako za hospitali zikae kwenye pakiti zake na cheti cha daktari.

Turudi kwenye begi. Kilo 12 zitapita bila neno kwenye ndege ya kwanza. AirAsia wanaruhusu kilo 7 kwa jumla ya vipande viwili vya mkononi, begi na mkoba vikipimwa pamoja, na mizani yao haina huruma. Wasafiri wengi hudhani begi la mgongoni kwa kuwa ni laini litapita. Hupimwa kaunta, na wengine hunaswa langoni, mahali ambapo bei ni kubwa kuliko zote. Ingia kwenye tiketi yako sasa hivi, ununue mzigo wa kilo 15 au 20 mtandaoni. Usipunguze nguo ili ufike kilo 7. Utashinda umevaa majaketi mawili katika joto la nyuzi 32. Betri ya akiba ya simu ibaki kwenye mkoba wa mkononi, haikubaliwi kwenye mzigo wa chini. Mikanda ya begi ifunge na uikunjie ndani, kwa sababu ndiyo inayonasa kwenye mashine za mizigo na kukatika.

Baada ya hapo tuhesabu saa zako kwa ukweli. Saa 25 za kwenye karatasi si saa 25 za mji. Kutoka mlangoni mwa ndege hadi kuwa na begi mgongoni, panga saa moja na nusu. Foleni ya uhamiaji hapo ndiyo bwana. Uwanja uko Sepang, zaidi ya kilomita 50 kutoka katikati ya mji. Ukitoa usingizi, oga, na muda wa kurudi uwanjani mapema, unabakiwa na jioni moja ya saa tano hivi na asubuhi moja ya saa tano. Jioni moja na asubuhi moja, hayo ndiyo mapande mawili ya kupanga, na kila ukitaka kuongeza sehemu ujue unaitoa kwenye mojawapo.

Saa za huko ziko mbele ya zetu kwa saa 5, na mwili wako hautajua. Saa 1 asubuhi ya Kuala Lumpur ni saa 8 usiku ya Dar. Faida ni kwamba jioni ya kwanza hutasikia usingizi. Hasara italipwa alfajiri. Tena Novemba jua la huko huchomoza karibu saa 1 asubuhi na kuzama karibu saa 1 jioni, kwa hiyo mwenye mazoea ya kuona kumekucha saa 12 ataamka akute giza totoro.

Kufika mjini kuna njia tatu. Treni ya KLIA Ekspres huenda moja kwa moja hadi KL Sentral, kituo kikuu cha treni mjini, kwa dakika 28 kutoka Terminal 1, kwa ringgit 55, fedha ya Malaysia. Ile ya KLIA Transit hutumia reli hiyo hiyo na bei hiyo hiyo, ila husimama njiani. Basi ni karibu ringgit 15, huchukua saa moja barabara ikiwa nyeupe, na saa moja na nusu mvua ya jioni ikishuka. Gari la kuita kwa programu ya Grab mara nyingi huwa kati ya ringgit 65 na 90, linafaa mkiwa watatu. Kwa mfuko wako, ushauri wangu ni basi wakati wa kuingia na treni wakati wa kurudi. Basi likichelewa Alhamisi, umepoteza sehemu ya jioni; likichelewa Ijumaa, umepoteza ndege. Watu hufanya kinyume kwa sababu wakishuka kwenye ndege wana haraka na wana fedha, halafu siku ya kuondoka wanabana matumizi mahali pabaya.

Grab yenyewe isajili ukiwa Dar, namba yako ya simu ikiwa hewani, kwa sababu hutuma ujumbe wa kuthibitisha. Ukishaweka laini ya Malaysia ndipo utakumbuka kwamba ujumbe unakwenda kwenye laini iliyo mfukoni. Soketi za umeme ni zile zile za pini tatu za mraba tunazotumia sisi, chaja yako itaingia bila adapta.

Mahali pa kulala, nakushauri hosteli yoyote yenye bweni la wanawake karibu na kituo cha Pasar Seni, pembezoni mwa Mtaa wa Wachina. Sababu si uzuri wa mtaa. Pasar Seni ni kituo kimoja tu kutoka KL Sentral, na karibu kila unachotaka kukiona jioni kiko kwenye reli moja, ile ya LRT, treni nyepesi ya mjini, njia ya Kelana Jaya: Pasar Seni, Masjid Jamek, Dang Wangi, Kampung Baru, KLCC. Reli moja, hakuna kubadilisha, hakuna kupotea. Kitanda cha bwenini ni kama ringgit 40 hadi 70. Juu yake kuna kodi ya watalii wa kigeni, ringgit 10 kwa chumba kwa usiku, ambayo mara nyingi haimo kwenye bei ya mtandaoni na hudaiwa taslimu unapofika. Si wizi. Uliza kabla ya kulipa kama kuna mlango unaofungwa usiku na kabati la kufuli. Kufuli njoo nayo.

Kuna wanaopendelea kulala kwenye vyumba vya kapsuli pale Terminal 2 kwenyewe. Ningekuambia ufanye hivyo kama ungekuwa na saa 10 au 12. Kwa saa 25 ni kuupa uwanja usiku ambao ungeupa mji.

Basi, Alhamisi. Tuseme umeweka begi hosteli saa 12 jioni. Panda LRT kituo kimoja hadi Masjid Jamek. Ukitoka kituoni msikiti uko mbele yako, matofali mekundu na mistari myeupe, minara miwili, minazi uani, umejengwa mahali mito ya Klang na Gombak inapokutana. Ulifunguliwa 1909, na ndio uliokuwa msikiti mkuu wa mji hadi Msikiti wa Taifa ulipojengwa 1965. Wewe huna haja ya kuhangaika na saa za watalii. Fika kabla ya Magharibi, ingia upande wa wanawake uswali, halafu utoke taratibu. Ukivuka mto utaona jengo la Sultan Abdul Samad la 1897 lenye mnara wa saa, na uwanja wa Merdeka mbele yake.

Kisha LRT hadi KLCC. Minara ya Petronas ina urefu wa mita 452, na kwa maoni yangu huonekana vizuri zaidi ukiwa chini kuliko ukiwa ndani yake, kwa sababu ukipanda juu unaona mji wote isipokuwa minara yenyewe. Kupanda ni ghali kwa bajeti yako na tiketi hupangiwa saa, kitu kisichopatana na mtu ambaye hajui ndege itatua saa ngapi. Pitia ndani ya jengo la maduka, tokea upande wa bustani, kaa ukingoni mwa bwawa. Usiku kuna chemchemi za maji zenye taa na muziki, bure. Mnara mrefu mwembamba utakaouona upande wa pili wa mji ni Merdeka 118, mita 678.9, wa pili kwa urefu duniani.

Wakati wa kurudi shuka Kampung Baru, kituo kinachofuata, ule hapo. Ni kijiji cha Wamalay kilichotengwa na serikali ya kikoloni mwaka 1900, na nyumba za mbao zenye nguzo zimebaki chini ya maghorofa. Jioni barabara zake hujaa meza za chakula. Agiza nasi lemak: wali wa nazi, pilipili ya sambal, dagaa wakavu wa kukaanga, karanga, tango na yai. Ukila hapo suala la halali halikusumbui.

Kwingineko lisumbue kidogo. Alama ya kuaminika ni ile ya JAKIM, idara ya serikali inayothibitisha halali. Maandishi ya ukutani kwamba hapa hapauzwi nguruwe si cheti. Yanasema nguruwe haimo, hayasemi kuku amechinjwa vipi. Kwenye vibanda vya Wachina vya Petaling Street, ndio Mtaa wa Wachina wenyewe, na Jalan Alor, tambi za Hokkien hupikwa na mafuta ya nguruwe hata kama huoni nyama, na bak kut teh ni nguruwe mtupu. Kimbilio lako ni migahawa ya mamak, ya Waislamu wenye asili ya India, mingi yake iko wazi mchana na usiku. Roti canai, mkate wa tabaka wa kukaangwa na mchuzi wa dengu, hauzidi ringgit chache. Chai ya teh tarik huja na maziwa ya kopo na sukari ya kutosha mtaa mzima. Ukitaka ya rangi bila sukari sema *teh o kosong*.

Ijumaa asubuhi una uamuzi mmoja: Batu Caves au Mtaa wa Wachina kwa utulivu. Ukiwa na nguvu, vyote vinawezekana ukianza na mapango. Kutoka Pasar Seni vuka daraja la waenda kwa miguu hadi kituo kikongwe cha Kuala Lumpur, upande treni ya KTM Komuter hadi mwisho wa reli, Batu Caves. Nauli haifiki ringgit 3 kutoka KL Sentral, safari ni kama nusu saa hadi dakika 40. Tatizo lake ni nafasi kati ya treni na treni, ambayo huweza kufika nusu saa au zaidi. Angalia ratiba usiku, usiende kituoni kubahatisha. Mabehewa ya katikati yenye alama za waridi ni ya wanawake tu. Lenga uwe chini ya ngazi saa 2 asubuhi, kabla ya jua na mabasi ya watalii.

Ngazi ni 272, zilipakwa rangi mwaka 2018, na sanamu ya Murugan, mungu wa Kihindu, iliyo pembeni ina mita 42.7. Kuingia pango kuu ni bure. Vaa nguo inayofunika magoti, viatu visivyoteleza. Na nyani! Hawa tumbili wa pale wamefundishwa na watalii kwamba mfuko wa plastiki ni chakula. Usishike kitu mkononi, hata chupa ya maji. Ifungie ndani ya begi, miwani pia. Akikunyang'anya kitu, mwachie. Akikuuma au kukukwaruza hadi damu, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama maana yake ni kukosa ndege. Hapo sina mjadala.

Saa 4 na nusu uwe umerudi. Sasa tembea kilomita moja hivi, kutoka Central Market, soko lililoanza 1888, hadi Jalan Tun H.S. Lee. Kwenye barabara hiyo hekalu la Kihindu la Sri Mahamariamman, lililoanzishwa 1873, linakaribia kutazamana na hekalu la Kichina la Guan Di, moshi wa ubani ukitoka upande huu na harufu ya jasmini upande ule. Nyuma kidogo, karibu na Central Market, kuna Sin Sze Si Ya la 1864. Ukaribu huu una sababu. Mji ulianza 1857 kama gati la wachimba madini ya bati, Wachina walioletwa na mwana wa ukoo wa kifalme wa Selangor. Wachina walijenga upande mmoja, Wamalay upande mwingine. Moto na mafuriko ya 1881 viliumaliza mji wa mbao na makuti, ikaamriwa kujenga kwa matofali, na mahali yalipochomwa ndipo Brickfields, Little India ya leo. Watamili walikuja kujenga reli na barabara. Reli ya Klang ilifunguliwa 1886. Kila watu walijenga nyumba ya ibada karibu na kazi yao, na kazi zote zilikuwa ndani ya mwendo wa miguu.

Brickfields iko nyuma ya KL Sentral. Usiifanyie safari yake. Utaipitia ukienda kupanda treni, ukiwa na nusu saa ya kula wali kwenye jani la mgomba.

Saa 6 mchana rudisha ufunguo. Sala ya Ijumaa huanza baada ya saa 7, na maduka na migahawa mingi ya Waislamu hufungwa kati ya saa 6 na nusu na karibu saa 9, kula mapema. Saa 7 mchana uwe kwenye treni pale KL Sentral. Sikiliza hapa: kutoka mjini treni husimama kwanza Terminal 1, watu wengi hushuka, nawe utashawishika kuwafuata. Baki ndani dakika tatu zaidi, hadi Terminal 2. Kaunta za AirAsia kwa safari za nje hufungwa dakika 60 kabla ya kuruka, yaani kwako saa 9:20 alasiri, na lango dakika 20 kabla. Hata ukijisajili mtandaoni, lazima upite kaunta wakague pasipoti na viza. Ukifika karibu saa 8 una zaidi ya saa moja ya akiba, na Novemba mvua za radi za alasiri hukupa sababu ya kuitaka.

Dola 60 ni kama ringgit 240. Basi 15, treni 55, kitanda 55, kodi 10, LRT na KTM 15, chakula 50, laini ya simu 25: jumla 225. Inatosha, ila ukikosa treni ukalazimika kuita gari la kwenda uwanjani, umekwama. Beba dola 80, noti safi zisizokunjika. Shilingi hakuna atakayekubadilishia. Badilisha kidogo uwanjani, nyingine mjini kwenye maduka ya fedha, ambako viwango huwa afadhali. Usiku tembea upande wa ndani wa njia, mkoba ukiwa upande wa ukuta, kwa sababu wanyang'anyi wa mjini hapo hutumia pikipiki.

Ndege ya Doha ikichelewa saa tatu, futa Kampung Baru. Ikichelewa saa sita, futa Batu Caves na ulale. Ikichelewa zaidi ya saa 12, usikimbilie mji. Wasiliana na AirAsia kubadilisha tarehe kabla ndege yao haijaondoka, kwa sababu baada ya hapo tiketi ni karatasi tu.

Mambo mawili usiyamalize kwa kusoma. Kama pasipoti yako imewahi kukataliwa kuingia nchi yoyote, au jina la tiketi halifanani na la pasipoti, nenda ana kwa ana ofisi ya kampuni ya ndege kabla ya siku ya safari. Na ukizuiwa uhamiaji Sepang, usitie saini usichokielewa. Omba kuwasiliana na Ubalozi wa Tanzania, ambao uko Kuala Lumpur. Namba yao iandike kwenye karatasi, simu huweza kuchukuliwa. Kwa dharura nyingine mjini, piga 999.